Ewald Gehring Autukana Mlango Wake

Ewald Gehring wa Aidlingen alikuwa mkono wa birika, na kusema hivyo si kumsengenya, kwa maana yeye mwenyewe angelipokea neno hilo kama heshima. Kwa miaka thelathini na sita alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari pale Sindelfingen, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa moja tu: milango. Magari yalipita mbele yake moja moja, yale makubwa ya kifahari ambayo wakubwa hupanda kiti cha nyuma, naye akayapachika milango, akakaza bawaba, akaufunga kila mlango na kutega sikio. Mlango mzuri, alipenda kusema, haupigi kelele. Unakohoa mara moja, kama mzee aliyeshiba, kisha unanyamaza.

Kiwanda kiliwaruhusu wafanyakazi kununua gari jipya moja kila mwaka kwa bei ya watu wa ndani, kwa sharti kwamba mtu akae nalo mwaka mzima kabla ya kuliuza. Kwetu linaitwa gari la mwaka, na nusu ya mapaa ya bonde letu yameezekwa kwa faida yake. Ewald aliagiza lake kila mwaka. Siku lilipopita kwenye mstari wa kiwandani alikuwa akilivizia, ili alipachike milango kwa mkono wake. Kisha akaliendesha kana kwamba amebeba mayai, hakumruhusu mtu kula hata kipande cha mkate ndani yake, akaliosha kila Jumamosi, na mwaka ukiisha akaliuza kwa bei ambayo wanunuzi waliikumbuka kwa uchungu. Huko ndiko lilikotoka jiko jipya la mkewe Hannelore, na waya zilizonyoosha meno ya binti yao Tabea.

Wako watu mpaka leo wanaosimulia habari ya yule daktari wa meno kutoka Böblingen.

"Punguza mia tano tu, Bwana Gehring," daktari alimbembeleza. "Yuro mia tano kwako ni nini?"

"Kwangu ni mia tano," Ewald akajibu. "Kwako je?"

Daktari aliondoka kwa hasira mara tatu, na mara tatu akarudi. Mara ya mwisho alilipa bei kamili, na akaondoka akilisifu gari kwa sauti ndogo.

Basi mtu huyo huyo, Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, alishindwa kumaliza kahawa yake. Alitaka kuuza gari la mwaka kwa hasara kubwa, na hakujua hasara inauzwaje.

Mnunuzi aliyekuwa njiani kuja alikuwa Roswitha Raible, mkunga. Umri wake ulikuwa miaka sitini, na karibu nusu ya vijana wa vijiji vyetu vitano walitua kwanza mikononi mwake. Wiki mbili kabla, gari lake lilikuwa limekata roho kwenye mlima wa kwenda Deufringen, likiwa limetembea kilomita laki nne. Tangu hapo alizunguka kwa baiskeli ya kuazima. Vijiji vitano vyenye milima, kwa baiskeli, na wanawake wanaosubiri! Mke wa mwokaji mikate alimnong'oneza Hannelore kwamba Bi Raible anazo elfu thelathini na moja, hana senti zaidi, kwa sababu bima ya kazi ya ukunga inamla mpaka mifupa. Asipopata gari la kuaminika la bei hiyo, ataacha kazi kabla ya majira ya baridi.

Gari la Ewald lilikuwa la elfu thelathini na tisa na nusu, na hata hiyo ilikuwa bei ya haki.

"Mwambie tu thelathini na moja," Hannelore alisema.

"Atajua. Anasoma gazeti, anajua bei. Umesahau ile bahasha?"

Hannelore hakuisahau. Watu wa kanisani walikuwa wamechanga pesa za kumsaidia mkunga kupata gari, wakazitia kwenye bahasha. Bahasha ilirudi siku iliyofuata pamoja na karatasi ndogo: Ahsanteni, mimi si maskini, wapeni maskini.

"Basi mwambie kwa nini unampunguzia."

Ewald akatazama viatu vyake.

Sababu ilikuwa ya mwaka tisini na moja, asubuhi ya mwezi wa pili, theluji imefika magotini na barabara ya hospitali imefungwa. Hannelore alishikwa na uchungu. Roswitha alikuja kwa miguu, suruali imelowa mpaka kiunoni. Mtoto alitoka saa tatu asubuhi, wa buluu, kimya. Ewald alikuwa amesimama kizingitini ameshika ndoo ya maji ya moto ambayo hakuna aliyemwomba, na aliona yote. Aliona mkunga akikiweka kile kiumbe mezani, akikipulizia pumzi kidogo kidogo mdomoni, akikisugua mgongo, akipuliza tena. Aliona mikono yake ikifanya kazi huku uso wake umekuwa mweupe kama shuka. Dakika zikapita, na Ewald akasikia maji yakimwagikia soksi zake. Kisha mtoto akalia.

Roswitha alimaliza kazi yake, akanawa, akajaza karatasi, akanywa kahawa kwa kusimama, akavaa koti. Ewald alimsindikiza mpaka mlangoni. Kifua kilikuwa kimemjaa shukrani mpaka pumzi zinamkwama. Akafungua kinywa, na yaliyotoka ni haya:

"Angalia ngazi. Kuna barafu."

Ndiyo maneno yote aliyomwambia mwanamke aliyempa binti yake uhai. Mtu wa kwingine atashangaa. Watu wetu ni hivyo: tukila chakula tukamaliza sahani bila kusema neno, mpishi anajua amesifiwa, na tukishukuru sana tunanyamaza sana. Hannelore, aliyelala mgonjwa wiki tatu, alidhani mumewe ameshatoa shukrani kwa niaba ya wote wawili. Alipokuja kugundua kwamba hakutoa, mtoto ameshaota meno, na ilikuwa aibu kulianza jambo upya. Tangu hapo Ewald akikutana na Roswitha kwa mwokaji mikate, neno lilimpanda kooni, likakwama, naye akatazama viatu vyake mpaka mwanamke apite. Miaka ishirini na saba ya kutazama viatu.

Saa tisa alasiri baiskeli ikaingia uani. Zamu ya kufagia barabara ilikuwa ya akina Gehring wiki ile, na Hannelore alikuwa nje na ufagio, akifagia mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

Roswitha hakuketi, hakutaka kahawa. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Nikwambie mapema, Bwana Gehring, nisikupotezee muda. Gazetini magari kama haya yanaanzia thelathini na tisa na nusu. Uwezo wangu haufiki huko. Nimekuja kujaribu bahati."

"Gazetini wanatia chumvi," Ewald alisema. "Na hili lina kasoro."

Ufagio wa Hannelore ukasimama.

"Kasoro gani?"

"Rangi."

"Rangi ina nini?"

"Ni kijivu. Kijivu hakina soko."

"Hakina soko? Mwaka huu mchungaji amenunua kijivu, daktari kijivu, mpaka yule mzika maiti ameacha nyeusi kachukua kijivu!"

"Ndiyo hivyo. Kimewachosha watu. Toa mia tano kwa kijivu."

Roswitha alimtazama kidogo, akafungua mlango, akaketi kwenye kiti cha dereva, akapapasa ngozi ya kiti.

"Kiti kizuri hiki."

"Kinaunguza wakati wa joto."

"Kuna kitufe cha kukipoza. Hiki hapa."

"Kiko mbali," Ewald akasema. "Mtu inabidi ajinyooshe."

Roswitha akakibonyeza kwa kidole kidogo, bila kusogea hata unywele.

"Hiyo nayo ni kasoro," Ewald alisema haraka. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Alikuwa amepigania bei maisha yake yote na alizijua njia zote za kupanda. Njia ya kushuka ilimshinda, kama mtu anayejaribu kushuka darini bila ngazi.

"Bwana Gehring." Roswitha alikuwa ametoka garini. "Tangu asubuhi nimekaa naandaa maneno ya kukuangusha bei. Nimeyakariri mbele ya kioo. Sasa kila nikifungua mdomo, umeshayasema wewe. Una homa?"

"Sina homa. Mimi ni mkweli."

"Wewe? Yule daktari wa meno anasema wewe ni mnyang'anyi."

"Na bado alirudi mara tatu," Ewald akajibu, na kwa nukta moja akawa mtu wa kawaida tena.

Lakini Roswitha hakucheka. Alikuwa ameanza kufunga koti. "Hii ni ile habari ya bahasha, sivyo? Kanisa limekutuma. Basi waambie nimeona, nashukuru, na baiskeli yangu haina shida."

Ewald aliona mwanamke ananyoosha mkono kushika baiskeli, na roho ikamruka. Akitoka nje ya uzio hatarudi. Ilitakiwa kasoro, tena kasoro ya kweli, kasoro ya maelfu. Akalitazama gari lake juu mpaka chini, akatafuta, na hakuna, kwa sababu hakuwahi kumiliki gari lenye kasoro. Kisha macho yake yakatua mahali ambapo hakutaka yatue.

"Mlango," alisema.

"Mlango gani?"

"Wa dereva. Ulipachikwa vibaya."

Ufagio ukaanguka kwenye lami.

"Na nani?" Roswitha aliuliza.

"Na mimi." Aliyasema macho yakiwa chini, sauti imekauka. "Bawaba ya chini haikukaa sawa. Mpira utaachia, maji yataingia, na fundi atakutoza elfu saba, labda nane. Siku ile nilichoka. Nilikuwa mzembe."

Neno hilo, mzembe, hakuwahi kulitumia kwa mtu mwingine ila kwa hasira, na juu yake mwenyewe hakuna aliyewahi kulitumia. Lilimuuma mpaka mbavuni. Hannelore alimtazama mumewe akitukana mlango aliopachika mwenyewe, na akalazimika kushika nguzo ya uzio. Hapo ndipo alipojua ni kiasi gani mwanamume huyu alikuwa amebeba.

Roswitha naye alijua sifa ya milango ya Gehring, nani asiyeijua? Alirudi garini, akaushika ule mlango, akautazama kwa huruma ya kitaalamu, kama anavyomtazama mtoto aliyezaliwa na kilo pungufu.

"Elfu nane za matengenezo," alisema polepole. "Kwa hiyo unasema thelathini na moja na nusu."

"Thelathini na moja. Ile nusu ni ya kijivu."

"Hapo naweza." Uso wake ulianza kufunguka. "Hapo, Bwana Gehring, kwa kweli naweza." Akanyoosha mkono, maana kwetu biashara ni mkono, karatasi baadaye.

Na mikono ilipokuwa karibu kugusana, Tabea akaingia uani na mkoba wake begani.

Msichana huyu alikuwa amerithi sikio la baba yake, na kazi yake pale pale kiwandani ilikuwa kukagua magari yaliyokwisha kukamilika. Aliwasalimu wote, akauliza kulikoni, wala hakumwona kabisa mama yake aliyekuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili.

"Tunakubaliana juu ya huu mlango mbovu," Roswitha alisema.

"Mlango upi mbovu?" Tabea akaufungua, akafumba macho, akaufunga. Mlango ukakohoa mara moja na kunyamaza. Akarudia. "Baba, nani kasema ni mbovu? Huu? Mimi nikipata milango kumi kama huu kwa siku narudi nyumbani naimba! Umeumwa nini?"

Roswitha akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Nilisema sipokei sadaka," alisema.

"Si sadaka."

"Basi ni nini? Nimezalisha wanawake miaka thelathini na nane, namjua mtu anayeficha kitu. Mwanamume wa namna yako hatukani mlango wake bure."

Ewald akatazama viatu vyake.

"Ewald," Hannelore alisema kwa upole, "ukivitazama tena hivyo viatu nitavitupa motoni. Sema."

Akainua kichwa. Ilimchukua muda. Alimwonyesha Tabea kwa kidole.

"Ni huyu. Huyu anayeniumbua hapa mbele za watu. Alikuwa wa buluu. Alikuwa amekwisha kwenda, mimi niliona, nilikuwa pale na ile ndoo yangu ya kijinga. Wewe ukampulizia mpaka akarudi. Na mimi nikakwambia uangalie ngazi." Akasogea hatua moja. "Asante. Hilo ndilo nililotaka kusema pale mlangoni. Asante, Bi Raible. Kila mwaka huyu akikata keki ya siku yake ya kuzaliwa, mtu wa kwanza kuja akilini mwangu ni wewe. Nilishindwa kulisema, nikaona labda gari litanisaidia."

Roswitha aliketi kwenye kiti cha dereva, miguu nje.

"Mimi nilidhani mnanilaumu," alisema.

"Tunakulaumu?"

"Nilichelewa siku ile. Niliondoka nyumbani nimechelewa, nikasema ngoja ninywe chai kwanza, theluji ikanizuia njiani. Kama ningefika saa moja mapema mtoto asingetoka vile. Na wewe kila tukikutana unatazama chini, hunitazami usoni. Nikajisemea, ana haki yake." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Tangu hapo sijawahi kunywa chai nikiitwa. Naondoka koti liko begani, naendesha kama mwendawazimu. Magari matatu nimeyaua kwa haraka hiyo. Miaka ishirini na saba, Bwana Gehring, nakimbilia ile asubuhi."

Ewald alishikwa na butwaa. Kimya chake, alichokihesabu kuwa shukrani, mwenzake alikuwa amekibeba kama hukumu. Machozi yakamtoka pale pale uani, mchana kweupe, majirani wakijifanya wanafagia kila mmoja mbele ya lango lake, na hakujali.

"Hatukukulaumu hata dakika moja," alisema. "Hata moja. Nisamehe. Asante, na nisamehe."

"Mimi?" Tabea alikuwa bado amesimama kinywa wazi. "Nilikuwa nimekufa? Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza," mama yake alisema.

Vijana wa siku hizi, Mungu awabariki, ndimi zao ni nyepesi. Tabea alitupa mkoba chini, akapiga magoti kwenye lami, akamkumbatia yule mkunga kiunoni. "Asante," alisema, akarudia, akarudia tena, mara nyingi kuliko zilivyowahi kusemwa katika mtaa ule tangu ujengwe. Roswitha alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kama anayehakikisha kwamba mifupa imefunga vizuri. Walikaa hivyo, na Hannelore aliokota ufagio wake akafagia kwa nguvu mahali pasipo na kitu.

Baadaye Roswitha alisimama, akajinyoosha sketi.

"Gari hili ni la thelathini na tisa na nusu," alisema.

"Ndiyo."

"Na mlango hauna kasoro."

"Hauna," Ewald alisema, na kifua kikamshuka kwa faraja. "Haujawahi kuwa nayo."

"Mimi nina thelathini na moja. Na sadaka sipokei." Akanyoosha mkono. "Lakini asante napokea. Hiyo nimeisubiri."

Wakapeana mikono, na hakuna aliyeharakisha kuachia.

"Naitwa Roswitha," alisema, ingawa bonde zima lilijua.

"Ewald."

"Na matairi ya theluji, Ewald? Yale niliyoyaona kwenye banda?"

"Hayo ni mia nne," Ewald akajibu papo hapo. "Hayo hayahusiani."

"Mia nne! Yamechakaa yale! Mia mbili."

"Yamechakaa wapi? Majira mawili tu! Mia tatu na themanini."

"Mia tatu, na unayafunga wewe."

"Mia tatu na hamsini, nayafunga mimi, na kahawa unakunywa. Ukiwa umeketi."

Hannelore anasema hajawahi kuwaona watu wawili wakibishana kwa furaha namna ile. Walikubaliana mia tatu na ishirini, wakanywa kahawa, na birika la pili likafuata la kwanza.

Wiki iliyofuata karatasi zilikuwa tayari, na Roswitha akaja kulichukua gari. Ewald alimfungulia mlango, akaufunga, akatega sikio kwa mara ya mwisho. Akina Gehring wote watatu walisimama langoni. Gari likateremka mtaani, likapunguza mwendo mbele ya duka la mwokaji, likasimama kumngoja kikongwe mmoja avuke na mkate wake, likaendelea bila papara hata kidogo.

"Mbona anakwenda taratibu hivyo?" Hannelore aliuliza. "Bi Raible! Lina shida?"

"Halina shida," Ewald alisema. "Leo hajachelewa."